Giaboksi ya Kendi na mlima wa Kanyakine

Jumamosi jioni, Githongo.

Rasharasha ilianza mchana na mpaka sasa haijaamua kama inataka kunyesha au kwenda zake. Ukungu umekalia kahawa. Mimi nimekaa karibu na jiko, miguu imenyooka mbele yangu kama kuni, na moyo umetulia. Asubuhi haukuwa umetulia.

Kwa wale wanaofika hapa mara ya kwanza: mimi sijakaa darasani hata siku moja. Kiswahili nilikiokota soko la Embu nikiuza ndizi. Ninaongea na simu, simu inaandika, na mambo yanaenda. Wenye kusoma someni.

Leo nataka kuongea juu ya giaboksi.

Usicheke.

Kendi ni mjukuu wangu. Mungu alimchukua mama yake mapema, nikabaki na huyu hajaota hata jino. Sasa ni mwanamke mzima, ana duka la dawa za mifugo kule Siakago, chini kwenye joto, ambako mbuzi ni wengi kuliko kivuli. Ana gari ndogo nyeupe. Kwa gari hiyo anapeleka dawa na vifaranga kwa wakulima wa Mbeere, na kwa gari hiyo anapanda huku karibu kila wikendi, ananiletea ndengu na kunigombeza juu ya tembe zangu za presha.

Kwa hivyo gari hiyo isipokuwepo, mimi nabaki na mjukuu wa simu.

Sitaki mjukuu wa simu. Nasema wazi. Simu haishiki mkono wa mtu akivuka matope kwenda chooni.

Gari ilianza kuugua mwezi uliopita. Ikiondoka inaruka kama ndama aliyeona nyoka. Ikibadilisha gia unasikia kitu kinagonga chini ya miguu yako, na mbele ya Kendi taa ya manjano inawaka, inazima, inawaka tena. Kendi hasemi kitu. Anakaza midomo tu, na mimi namjua, akikaza midomo hivyo kuna jambo amelimeza.

Tulianzia Kanyakine kwa mtoto wa dada yangu, ambaye ana gereji. Alifungua boneti, akasikiliza, akafunga. Akasema giaboksi imekufa, itolewe yote, iwekwe nyingine iliyotoka kwa gari iliyoanguka, shilingi laki moja na nusu. Nikamuuliza amepima na nini. Akasema kwa masikio, mama. Mimi namjua tangu akiwa mchanga na hayo masikio hayajawahi kusikia neno lolote mara ya kwanza, lakini ni damu yangu, nikanyamaza.

Habari ya gari mgonjwa inasafiri upesi. Broka mmoja wa Meru mjini akaipata kama inzi anavyopata maziwa. Akataka kuichukua kwa bei ya ng'ombe wawili, na si ng'ombe wa gredi. Kendi akakubali. Jumatatu hii broka alikuwa aje na pesa.

Nilipiga kelele, ndiyo. Nilisema mtu hauzi jembe mvua ikiingia. Kendi akanijibu polepole kwamba mwezi ujao watu wa Siakago wanakuja kutoa mahari yake, kuna hema la kukodisha, kuna viti, kuna chakula, na pesa ikiingia kwa chuma haitoki.

Aliyetuokoa ni Nyaga. Huyo ndiye anayemwoa, mwalimu, mtu mpole sana. Mpaka leo sijaamua kama upole wake ni wa akili au wa uvivu. Alipiga simu akasema Embu kuna fundi anayejua gia za namna hii, tumpelekee aipime kabla ya kuuza. Kendi akasema kumlipa fundi sasa ni kumvalisha maiti viatu. Nikamwambia maiti haijileti nyumbani, na hii imejileta mpaka kwa mlango wangu jana. Asubuhi nilikuwa nimeshavaa, nimefunga kitambaa, nimekaa ndani ya gari kabla hajamaliza chai.

Barabara ya kwenda Embu mnaijua. Ni mabonde tu. Unashuka mpaka mtoni, unapanda, hujapumua unashuka tena. Pale daraja la Nithi, ambapo magari mengi yameanguka, niliomba kwa sauti, Kendi akaitikia amina bila kufumba macho. Kila mlima gari ilipiga teke, na kila teke nilishika mlango. Lakini ilipanda. Nikasema moyoni, wewe si maiti, wewe una kidonda.

Fundi anaitwa Njeru. Ni mtu wa maneno mengi, kofia yake imelowa mafuta na anajipenda. Alichomeka waya chini ya usukani, akafungua kompyuta, wakazunguka na Kendi mjini mara mbili. Mimi niliachwa kwenye benchi na gazeti ambalo siwezi kusoma. Niliangalia picha zote. Waliporudi nikataka nielezwe mimi, kwa sababu mimi ndiye nilipiga kelele.

Akanieleza, na nitampa haki yake, alieleza vizuri. Gari za zamani zina klachi moja. Hii ina mbili. Moja ikishika gia ya kwanza, nyingine inakaa tayari na ya pili, ili kusiwe na kungoja.

Nikamwambia, basi ni kukamua.

Akaniangalia.

Nikamwonyesha kwa mikono. Ukikamua ng'ombe kwa mkono mmoja, maziwa yanakuja, yanakoma, yanakuja, yanakoma. Ukitumia miwili, mmoja ukivuta mwingine umeshashika, na maziwa hayakomi. Lakini paka mafuta ya kukamulia. Bila mafuta mikono inachubua chuchu, na ng'ombe anapiga teke.

Njeru akacheka, akaniita bibi kwa lugha ya huku, akasema, "Cucu, hicho ndicho hii gari inafanya. Inapiga teke."

Sasa tukaelewana.

Akasema klachi hizi zinaogelea ndani ya oili yao. Oili hiyo ni ya aina yake, haiuzwi kila duka, na hapo ndipo bei inapanda. Inatakiwa kubadilishwa pamoja na filta yake kila gari ikitembea kilomita elfu sitini hivi. Ya Kendi haijabadilishwa tangu ishuke melini. Kendi akasema yule aliyemuuzia alimwambia oili ya giaboksi ni ya maisha, haiguswi.

Mimi nikauliza ni kitu gani hapa duniani chenye mafuta ya maisha. Hata wale wanawali wa Biblia waliishiwa, na walikuwa wanangoja Bwana harusi mwenyewe.

Njeru akatoa oili ya zamani kwenye karai. Ilikuwa nyeusi, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua. Akaipaka kidole, akanusa, sura ikabadilika. Akasema uzee peke yake haufanyi oili hivi. Hii ilipikwa siku moja. Akamgeukia Kendi akamuuliza kama gari ilipanda mlima ikiwa inatambaa, mguu nusu kwa mafuta, kwa muda mrefu, pengine kwa foleni. Kwa sababu ikitambaa hivyo klachi haishiki na haiachi, inasugua tu, inapata moto.

Kendi akaangalia viatu vyake.

Akasema hakumbuki foleni.

Lakini mimi pua yangu ilikuwa bado kwenye karai. Harufu ile niliijua. Sikuwa nimeinusa gereji, niliinusa Kanyakine mwezi uliopita, siku ya mahari ya binti wa jirani wa dada yangu. Na siku ile nilisimama katikati ya barabara nikauliza kwa sauti kubwa ni mwanamke gani ameacha maharagwe yaungue.

Kwa mtu ambaye si wa huku, nieleze kidogo. Wageni wakileta mahari, hawaingii tu kama watu waliokuja kuchota maji. Wanawake wa boma wanawapokea barabarani. Tunaimba mbele ya gari la kwanza, tunarudi kinyumenyume tukiwaangalia, hatua moja, tunasimama, tunawauliza kwa wimbo wametoka wapi na wamebeba nini, hatua nyingine, tunasimama. Tukifika langoni tunafunga lango mpaka watoe kitu. Ni furaha, na ni heshima. Na mimi, bila kujisifu, huwa ndiye naanzisha wimbo.

Siku ile ya Kanyakine boma lilikuwa juu kabisa, kutoka lami mpaka langoni ni mlima mtupu. Gari la kwanza lilikuwa la Kendi. Walimwazima yeye na gari, abebe wazee wa upande wa mume, na blanketi, na asali. Wazee wanne wenye matumbo yao. Mimi nilikuwa mbele, sauti ilikuwa imekubali, vumbi limenyunyiziwa maji, wanawake wanaitikia mpaka bonde linajibu. Kila nilipoona tumebaki karibu na lango, nilirudisha ubeti. Nilimtambaza Kendi mlima mzima, inchi kwa inchi, na nyuma ya kioo yeye anashikilia gari kwa mafuta isirudi nyuma igonge watu wanaofuata.

Nikamuuliza Kendi pale pale mbele ya fundi kama ilikuwa siku ile.

Ilibidi niulize mara mbili.

"Ndiyo, Cucu," akasema. "Taa iliwaka siku ile."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Nishushe kioo nikwambie uache kuimba?"

Njeru alijua kazi yake. Alichukua karai akaenda kumwaga oili mahali pengine.

Huyu mtoto alikuwa tayari kuuza gari yake, kazi yake, na Jumamosi zetu, kwa bei ya ng'ombe wawili wa kienyeji, kuliko kumwambia bibi yake kwamba wimbo wake umemletea hasara. Na mwezi ujao ni mahari yake mwenyewe, hapa Githongo, ambako mlima wetu haujali mtu. Alijua nitaimba. Alijua gari ya kwanza itakuwa yake, Nyaga akiendesha, na wazee ndani. Alikuwa ameona ni afadhali isiwepo.

Heshima ya namna hiyo inauma zaidi ya tusi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba yeye ni mjinga, na kwamba hakuna mtu nimempenda duniani kama yeye, na nilisema yote mawili kwa pumzi moja ili asichague moja.

Akalia kidogo. Nikamfuta kwa kitambaa changu kilichokuwa na oili, tukacheka.

Basi Njeru akaitwa arudi aseme bei. Akasema klachi zenyewe hazijaisha, kompyuta imemwonyesha bado zinashika. Zingekuwa zimeisha tungeongea laki na kitu, na yule wa masikio angekuwa amekaribia kusema kweli. Sasa ni oili mpya, filta, kusafisha, na kuifundisha gia upya. Elfu ishirini na nane.

Nikamuuliza kama hiyo oili inakamuliwa kutoka kwa malaika. Akasema oili peke yake inakula zaidi ya nusu, akanionyesha mikebe, bado imefungwa. Nikasema nimeuza ndizi katika mji huu kabla mama yake hajaolewa, asinionyeshe mikebe. Tukavutana. Mwisho akasema elfu ishirini na tano, na akaongeza kwamba angekuwa na bibi kama mimi angekuwa ameshafunga gereji. Nikachukua hiyo kama sifa.

Kendi akasema pesa iliyopo ni ya hema.

Nikasema hema lisikodishwe. Kanisa lina turubai, na mwenyekiti wa akina mama ni mimi.

Akauliza watu wa Siakago watasema nini wakikalishwa chini ya turubai ya kanisa.

"Watasema walishiba," nikamwambia. "Kama hawatashiba, hata hema la dhahabu halitawanyamazisha."

Akalipa.

Kuifundisha gia upya ni jambo nimelipenda. Fundi anakaa ndani, gari imewashwa haiendi popote, kompyuta inaiambia shika, achia, shika, achia, mpaka ikumbuke. Unasikia inanguruma kidogo, inatulia. Ni kama ndama ukimfundisha kunywa kwa ndoo, unamweka kidole mdomoni kwanza. Nilisimama pale mpaka mwisho. Nyama ya mchana ilipoa na sikujali.

Njeru alituaga na onyo. Gari hii ipande mlima kama mtu anayejua anakwenda wapi. Ikibidi kusimama, isimamishwe kwa breki, si kwa mafuta. Isitambae. Ikitambazwa tena mlima mzima ikiwa imebeba watu, hatatupa bei ya oili, atatupa bei ya klachi.

Tukarudi. Mto Thuci tulipanda bila teke hata moja. Nilikuwa nimeshika mlango nikingoja, nikaona nimeshika bure, nikauachia. Kendi hakukaza midomo. Alikuwa anaimba chini kwa chini, ule wimbo wangu wa kupokea wageni. Tukipita Nithi akampigia broka kwa spika akamwambia asije Jumatatu. Broka akaongeza bei pale pale. Mimi nikajibu kwa niaba ya Kendi, na maneno niliyojibu sitaki simu iyaandike.

Kwa hiyo gari imepona. Lakini mlima haujaondoka, na wimbo haujaondoka, na mahari ni mwezi ujao.

Tulipofika nilimpigia Mama Karwitha. Ni rafiki yangu tangu ujana, ndiye anayeitikia nikianzisha, na hakuna kitu amewahi kukubali mara ya kwanza. Nikamwambia safari hii tutabadilisha. Magari yatapanda kwanza, matupu, kwa mwendo mmoja, yaegeshwe juu kwa shule. Wageni washuke kwa lami, na sisi tutawapokea hapo, tupande nao kwa miguu, tukiimba hatua yetu ileile, na blanketi na asali wabebe mikononi watu wote waone.

Akasema hiyo si harusi, hiyo ni maandamano. Akasema wimbo bila gari nyuma yake ni kama ibada bila mchungaji. Nikamuuliza mama yake aliimbiwa gari gani. Mama yake aliolewa wageni wakija kwa miguu, na ng'ombe mbele, na mimi na yeye tulisimuliwa hayo tukichambua maharagwe.

Akabadilisha njia. Akasema watu wa Siakago wamezoea tambarare na joto, mlima huu utawaua.

Nikasema wakimaliza mlima ndipo watajua msichana wetu hatolewi kwa urahisi.

Hapo akacheka, na Mama Karwitha akicheka umemshinda. Akauliza jambo moja tu: na kile kitu cha langoni? Nikamwambia lango liko palepale na litafungwa kama kawaida. Akasema basi sawa, lakini yeye hatarudi kinyumenyume, magoti yake yamekataa tangu mwaka jana. Nikamwambia magoti yangu pia yalikataa, sikuwa nimemwambia mtu. Tutatembea ubavuni mwao.

Kendi alikuwa mlangoni akisikiliza. Aliniletea tembe zangu na maji, akasimama juu yangu mpaka nikameza, kama siku zote. Kisha akatoka akapanda gari, akaishusha mpaka barabarani na kuipandisha tena mpaka hapa nyumbani, mara moja, bila kusimama, kwenye matope. Akazima. Akarudi ndani viatu vimejaa udongo, na sura yake ilikuwa ile ya zamani, ya siku aliyofungua duka.

Kuna kitu kimoja kinanizunguka kichwani nikiota moto hapa. Miaka hii yote nimekuwa nikiimbia vioo vya magari. Kioo kinang'aa jua, humwoni aliye ndani. Sikuwahi kuona mzee akitabasamu ubeti wangu, wala kijana akitoa jasho. Mwezi ujao Nyaga atapanda karibu yangu na asali mkononi, na nitamwangalia usoni kutoka lami mpaka langoni. Mlima unatosha. Kabla hatujafika nitakuwa nimejua ule upole ni wa nini.

Kesho ni kanisa. Baada ya ibada nimewaambia akina mama wabaki, waje na viatu vya kupanda. Na nitaanzisha wimbo polepole, kwa sababu sasa hakuna kinachoungua.